Ikiita Mara Tatu

Uvumi wenyewe ulikuwa huu: kwamba Mama Subi amekufa, kwamba bintiye amemzika kimyakimya huko Rungwe bila hata turubai kufungwa, na kwamba ile sauti inayouza unga katika maduka arobaini ni ya marehemu, imehifadhiwa ndani ya mashine ili biashara isiyumbe.

Aliyeuleta uvumi huo alikuwa Mama Ipyana, jirani wa siku nyingi wa Mwanjelwa, Mbeya, na aliuleta kwa marehemu mwenyewe. Alifika asubuhi, ukungu bado umeufunika mlima Loleza, amejifunga kanga kiunoni, mkononi ana sukari kilo mbili za kuwafariji wafiwa. Alipozunguka uani na kumkuta Mama Subi amekaa mkekani anachambua karanga, mfuko ukamponyoka.

"Yesu wangu! Wewe si umekufa?"

"Nani kasema?"

"Mji mzima! Mimi nimelia tangu juzi, tazama macho yalivyovimba, kumbe mwenzangu unachambua karanga!"

"Nisamehe, shoga yangu. Sikujua kama nimekufa, ningejiandaa."

"Usinichekeshe, mimi nina hasira. Sasa hii sukari nirudi nayo?"

"Iweke hapo. Tutakunywa chai ya msiba wangu."

Wakainywa, wakacheka mpaka Mama Ipyana akapaliwa. Lakini wakati wa kuondoka, akiwa amesimama mlangoni anavaa viatu, aliuliza kitu kimoja.

"Na Subi mwenyewe, mmeonana lini?"

Mama Subi alihesabu kwa vidole. Miezi tisa. Miezi tisa hajamwona mwanawe wala kuisikia sauti yake.

Mgeni alipokwenda zake, uvumi ulibaki. Ulimganda Mama Subi kama unga wa muhogo unavyokaukia vidoleni. Ukiupangusa huku unauona kule. Alijiuliza: watu mji mzima wanasema nimekufa, na mwanangu hajafika hata kuangalia kama ni kweli. Labda na yeye ameshanizika moyoni.

*

Jina lake hasa ni Atuganile, lakini mwaka huo wa elfu mbili sabini na nne hakuna aliyemwita hivyo. Kwa miaka thelathini alikuwa Mama Subi wa unga wa lishe. Alianza na kinu na ungo, akachanganya mahindi, ulezi, soya na karanga za kukaanga, akawauzia wanawake wenye watoto wachanga. Dukani kwake palikuwa na benchi la mninga. Wanawake walikaa hapo wakanyonyesha, wakaulizana usingizi wa watoto na vituko vya mawifi. Na kabla ya kumkabidhi mtu unga wake, Mama Subi alichota kidogo kwa ncha ya kidole, akaweka ulimini, akasema, "Chukua. Nimeulamba mwenyewe."

Karanga zikiingiwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, huwa chungu, na mtoto wa miezi sita hawezi kusema huu ni mchungu. Kwa hiyo alisema yeye kwa niaba yao.

Binti yake Subilaga alisoma uhandisi wa mitambo-fikiri, ile mitambo inayojifunza kama mtu, akarudi nyumbani na mpango. Alikuwa amesimama palepale dukani, mvua inanyesha, foleni ya akina mama imefika barabarani na watoto mgongoni.

"Mama, tazama. Hawa wanalowa. Wengine wanakata tamaa wanarudi. Simu nazo zinaita, huwezi kuzipokea, mikono ina unga. Kila simu usiyoipokea ni mtoto atakayekunywa uji wa mahindi matupu."

Hapo alisema kweli, na mtu asije akadhani hadithi hii inasema mashine ni shetani. Subi akajenga. Kwanza akaleta pua-umeme, kifaa kidogo kama kikombe cha kahawa, ambacho kikinusa gunia kinajua kama lina sumukuvu hata chembe. Akaleta mikonochuma ya kuchanganya na kufungasha. Akaleta vipanga, vyombo virukavyo bila rubani, vinavyoshusha kifurushi cha unga mlangoni kwa mteja hata kama anaishi juu kabisa kwenye milima ya Umalila. Mashine ilihesabu umri wa kila mtoto na miezi ya kila mjamzito. Mwanamke akipata mimba anapelekewa unga wa mjamzito. Siku zake zikitimia analetewa unga wa mzazi. Mtoto akifika miezi sita, kipanga kinagonga dirisha.

Cha mwisho kilikuwa pachasauti.

Pachasauti ni mashine inayochukua sauti ya mtu, maneno yake, mizaha yake na namna anavyovuta pumzi, ikajifunza mpaka ikaweza kuzungumza badala yake na watu elfu moja kwa wakati mmoja. Kwa siku arobaini Mama Subi alizunguka dukani na kishikizo kidogo shingoni kinachonasa kila alisemalo. Siku ya arobaini Subi aliiwasha. Kutoka kwenye ukuta mtupu ikatoka sauti: "Karibu mwanangu, mtoto kaamkaje?"

Mama Subi aligeuka kutafuta nani kasema.

Duka moja likawa matatu, matatu yakawa arobaini, hadi Sumbawanga na Njombe. Makao makuu yakahamia Dodoma na Subi akahamia huko. Benchi likaondolewa, maana mashine ilikuwa imepima na kuona kwamba mteja aliyekaa hununua kilekile anachonunua aliyesimama, ila anatumia saa nzima. Na Mama Subi akaambiwa apumzike.

"Wewe pumzika tu, Mama. Simu za wateja zitapokelewa na kampuni."

Namba ilibaki ileile ya miaka thelathini, ile iliyochapwa kwenye kila pakiti, na simu yenyewe ilibaki sebuleni kwake, kibati chembamba ukutani. Mama Subi alielewa hivi: simu za wateja zitakwenda huko kwao. Kwa hiyo itakayoita hapa nyumbani itakuwa ya mwanangu.

Na iliita. Kila jioni, jua likikaribia kuzama, iliita. Yeye wakati huo yuko uani, kwa sababu mwili uliozoea kazi haupumziki kwa kuambiwa. Anakanda, anapepeta, mikono nyeupe hadi viwikoni. Ikiita, anapiga kelele, "Nakuja, mwanangu!" Ananawa haraka, maana hajawahi maishani kushika kitu kisafi kwa mikono yenye unga. Akifika mlangoni inaita mara ya tatu. Akinyoosha mkono, kimya.

Kila jioni hivyohivyo.

Akawa anasimama pale na mikono inadondosha maji. Mwanangu hana hata subira ya kungoja nifute mikono, alisema moyoni. Akijaribu kupiga yeye, anajibiwa na karani wa mashine: "Mkurugenzi yuko kikaoni. Ujumbe wako utafikishwa." Vifurushi vilikuja: blanketi, dawa ya magoti, majani ya chai ambayo yeye mwenyewe anayaona yanalimwa mlimani. Viliandikwa "Kwa Mama, nakupenda." Aliyapanga makaratasi hayo kabatini. Lakini karatasi haiulizi kitu, wala huwezi kuitengea chakula.

*

Siku ya pili baada ya ule uvumi, alivaa gauni lake la kanisani, akaenda dukani Mwanjelwa. Alijiambia kama kuna mahali pa kumpata Subi, ni pale ambapo Subi anatazama kila saa.

Duka lilikuwa safi, linang'aa, halina harufu. Mahali pa benchi palisimama ubao wa ustawi, kioo kirefu kinachoonyesha biashara inavyokwenda, nguzo za kijani zikipanda zenyewe. Alisoma polepole. Wateja waliohudumiwa leo. Muda wa kusubiri: sekunde kumi na moja. Simu zilizopotea: sifuri.

Mbele yake alikuwepo mwanamke mdogo mwenye mtoto mgongoni. Ukuta ukamsemesha.

"Karibu, Tunsume mwanangu. Mtoto katimiza miezi sita jana, hongera! Leo tunaanza ulezi na karanga kidogo. Usiwe na wasiwasi. Nimeulamba mwenyewe."

Mama Subi alisikia damu inampanda kichwani.

"Hujaulamba!" alisema. "Una ulimi wapi wewe?"

Tunsume akashtuka, akageuka. Ukuta ukasema kwa sauti ileile, lakini baridi: "Sauti hii inaigiza sauti ya Mama Subi kwa asilimia tisini na moja. Kuigiza sauti ya kampuni ni kosa. Taarifa imetumwa makao makuu. Tafadhali subiri mhusika." Na mlango wa kioo ukajifunga taratibu.

"Tisini na moja?" Mama Subi aliuliza. "Na hizo tisa zangu zimekwenda wapi?"

"Bibi," Tunsume alinong'ona, "kwani wewe ni nani?"

"Mama Subi."

"Mama Subi si alifariki?"

"Ndiyo. Na chai ya msiba nimeshakunywa."

Tunsume hakujua acheke au akimbie, na kukimbia haikuwezekana kwa sababu mlango umefungwa. Mama Subi alichukua pakiti ya yule binti, akaifungua, akachota kwa ncha ya kidole na kuweka ulimini. Akafumba macho.

Unga ulikuwa mzuri. Ulikaangwa sawasawa, hauna uchungu hata kidogo. Hapo ndipo machozi yalipomlenga, kwa sababu kama angeukuta mbovu angepata la kusema. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake vizuri kuliko alivyowahi kuifanya yeye, ila ilikuwa imesema neno lisilo lake.

"Chukua," alimwambia Tunsume. "Sasa ndiyo umelambwa."

Yule binti alimtazama, akaikumbatia pakiti. "Bibi, huyu mtoto anatema kila kitu. Nikimwambia huyu wa ukutani ananijibu vizuri sana, hata sina la kuongeza. Halafu nikifika nyumbani nagundua bado nina hofu yangu yote."

"Mlete."

Hapakuwa na pa kukaa. Wakakaa juu ya magunia, mtoto mapajani kwa Mama Subi, wakaanza kuzungumza kuanzia jino la kwanza hadi mama mkwe. Ubao ukaonyesha nguzo moja imegeuka nyekundu: muda wa kusubiri, duka la Mwanjelwa.

Kutoka Dodoma hadi Mbeya kwa ndege-umeme ni dakika arobaini tu. Mama Subi hakulijua hilo. Siku zote alidhani mwanawe yuko mbali.

*

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Akaingia mwanamke mrefu, suti ya kijivu, amekonda mashavu, kioo cha kazi kinawaka kiganjani.

"Yuko wapi huyo anayemwigiza mama yangu?"

Kisha akamwona, juu ya gunia, na mtoto wa watu mapajani.

"Mama? Unafanya nini hapa? Mbona hukuniambia jana kama utakuja dukani?"

"Jana lini?"

"Jana jioni, tulipoongea."

Mama Subi alimrudishia Tunsume mtoto wake. Alifanya hivyo taratibu, kama mtu anayeshusha chungu cha maji ya moto.

"Subi, mimi sijaongea na wewe jana."

"Mama, usinitanie, nimechoka. Tuliongea nusu saa. Uliniuliza kama nimekula."

"Sijaongea na wewe jana. Wala juzi. Tangu mvua za mwaka jana sijaisikia sauti yako. Unapiga, inaita mara tatu, unakata. Kila siku nafika na maji mikononi, umeshakata."

"Sijawahi kukata. Inaita mara tatu, kisha unapo..."

Hapo Subi alikoma. Kwa maana yeye ndiye aliyeandika kanuni ile, kwa mkono wake, mwaka ule wa kwanza: simu za wateja wanaojulikana ziende moja kwa moja kwenye pachasauti, na nyingine yoyote ya namba ya biashara, ikiita mara tatu bila kupokelewa, pachasauti iipokee, ili simu hata moja isipotee. Aliiandika akiwafikiria wateja. Hakukumbuka kwamba namba ya biashara ndiyo namba ya mama yake, wala kwamba mama yake hunawa kwanza.

Alikaa chini sakafuni, na suti yake ile.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "mwezi wa tatu, nilipokuambia nina mimba. Hukusikia."

Mama Subi alishika kifua.

"Na ile siku nilipokupigia kutoka hospitali. Nikakuambia imetoka, Mama. Nikakuambia nataka kurudi nyumbani nilale chumba changu cha zamani. Ukaniambia, 'Kazi kwanza, mwanangu. Mimi nipo.' Nikasema, mama anataka niwe na nguvu. Kesho yake nikaenda kazini."

"Ee Mungu."

"Wiki iliyopita kipanga kikagonga dirisha langu. Kimeleta unga wa mzazi. Na kadi ya hongera. Mashine ilisikia nina mimba, ikahesabu miezi. Hakuna mahali ndani yake pa kuandika kwamba mtoto hayupo. Mimi ndiye niliyeitengeneza, na sikuweka mahali hapo." Alipangusa pua kwa mkono wa suti, kama alivyokuwa akifanya akiwa darasa la kwanza. "Nikakupigia nikikulilia. Ukanichekesha na kile kichekesho cha mbuzi wa mchungaji. Nikacheka kweli, Mama. Ulikuwa wewe kabisa."

Mama Subi alikuwa amekwisha kushuka kwenye gunia, amepiga magoti, mikono yote miwili shingoni kwa mwanawe. Na katikati ya kumkumbatia alikumbuka. Ilikuwa katika zile siku arobaini. Mchana. Subi amechoka, anamwambia, Mama, tuache haya mavyombo twende tukale ugali. Naye, kwa kumpenda tu, kwa kumwonea fahari, akajibu: "Kazi kwanza, mwanangu. Mimi nipo." Alisema mara moja. Kishikizo kikalinasa. Mashine ikamrudishia mwanawe neno hilo miezi tisa mfululizo, kila alipotaka kurudi nyumbani.

"Maneno ni yangu," alisema. "Haikuyatunga. Nisamehe."

"Sauti yako imebadilika, Mama. Imekuwa nzito."

"Imezeeka. Ile ya ukutani haizeeki. Na mimi miezi hii sina ninayeongea naye, imeshika kutu. Hizo ndizo asilimia tisa."

Subi alinyanyua macho akautazama ubao juu ya kichwa cha mama yake. Nguzo zote za kijani, isipokuwa ile moja ya Mwanjelwa. Simu zilizopotea: sifuri. Alilisoma neno hilo mara mbili, kisha akazima kioo cha kiganjani.

Tunsume, ambaye kwa heshima alikuwa ameugeukia ukuta muda wote huo, alikohoa kidogo. "Dada, samahani. Kama mlango uko wazi, niende? Uji utapoa, hata haujapikwa."

Wakacheka wote watatu.

*

Subi alilala nyumbani siku kumi na nne, kwenye chumba chake cha zamani. Siku za mwanzo hawakuzungumza mengi. Mama alimpikia uji wa mzazi, kwa sababu aliyebeba mimba amebeba, mtoto awepo asiwepo, na mwili wake unadai kutunzwa. Aliulamba kwanza, kisha akampa.

Pua-umeme haikuondolewa, wala vipanga. Hakuna aliyetaka wanawake wa Umalila warudi kutembea matopeni. Lakini mashine ikawekewa mahali pa kuandika aliyepotea, na mwenye mimba iliyotoka huletewa mtu mzima mwenye miguu, anayepiga hodi. Pachasauti ikapewa sauti isiyo ya mtu yeyote, na ikakatazwa kusema "nimeulamba". Benchi lilitafutwa likapatikana kwa fundi mmoja, ameligeuza meza ya kupigia randa, likarudishwa dukani.

Mwezi ule nguzo za kijani zilishuka. Wajumbe wa bodi walipiga simu kwa ukali, na Subi akawajibu kwamba anajua, anaziona. Zilipanda tena baadaye kidogo, hazikufika zilipokuwa. Hakujifanya kama hilo si kitu. Ila kila Ijumaa alipanda ndege-umeme, dakika arobaini.

Na Mama Subi, kwa sababu uvumi wa kufa kwake haukuisha, na kwa sababu wanawake wengine wenye biashara walianza kuja kumuuliza kama nao wanunue mashine kama ile, aliomba rangi na brashi. Akaandika ukutani juu ya benchi, kwa herufi kubwa za kutenganisha, kama alivyofundishwa shule ya msingi:

MNAOINGIZA MASHINE KATIKA BIASHARA, EPUKENI HAYA

Kuondoa benchi kwa sababu haliuzi kitu.

Kuiachia mashine iseme "nimeulamba" wakati haina ulimi.

Kupima vinavyopanda tu, bila kuweka mahali pa kuandika aliyepotea.

Namba moja ya simu kwa wateja na kwa mama.

Kumwambia mtoto "kazi kwanza", hata kwa mapenzi.

Kudhani aliye kimya amekuchoka.

Kukata simu ikiita mara tatu. Iacheni iite. Ananawa.